Refa aliyenitoa kwa kadi nyekundu anarudi Jumapili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha timu ya vijana huku Igombe, Mwanza, tunacheza ligi daraja la tatu ngazi ya mkoa. Wiki tano zilizopita, dakika ya 81, mshambuliaji wetu aliangushwa ndani ya boksi na refa akapeta, mchezo ukaendelea. Niliingia uwanjani kumuuliza. Akaninyanyulia kadi nyekundu mbele ya umati, vijana wangu wananitazama, mke wangu na mwanangu wakiwa pale pale pembeni ya uwanja. Kwenye ripoti akaandika kwamba nimemtukana. Mimi nakumbuka nilimwambia "unatuua", na hilo si tusi. Nikafungiwa mechi tatu na faini ya Sh200,000. Adhabu imekwisha, lakini nasikia Jumapili ijayo tumepangiwa yeye tena. Nikisikia jina lake tumbo linakaza. Msaidizi wangu ananishauri tumkatae. Makocha wenzangu wanaishije na marefa waliowaadhibu? Au ni mimi tu mwenye moyo mbaya? Na ile faini, nilipe mimi au timu?

JIBU: Marahaba, kocha. Nianze na hilo la moyo mbaya, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Huna moyo mbaya. Nilikaa benchi kama kocha miaka 12, na kwa miaka 9 sasa kazi yangu ni kukaa darasani na makocha na marefa wa kanda hii ya ziwa, tukizungumza upande wa akili wa mchezo. Katika muda wote huo sijakutana na kocha aliyefungiwa akatoka hapo akimpenda aliyemfungisha. Wanatofautiana muda tu. Yuko ambaye hasira humtoka kabla daladala haijafika Buzuruga. Yuko na mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye mpaka leo akimwona refa fulani pale Mwaloni huvuka upande wa pili kana kwamba amekutana na anayemdai.

Ila ukikaa nao chini, ukawaacha waseme mpaka wachoke, utagundua kwamba jeraha haliko mahali wanapolionyesha. Mbele ya watu kocha husema: penalti, bao lililokataliwa, mchezaji aliyeotea. Akishakunywa chai na kutulia husema mambo mengine kabisa. "Alinifukuza kama kuku." "Hakuniacha nimalize hata sentensi." "Alikuwa anatabasamu." Hilo la kutabasamu nimelisikia mara nyingi mno. Kwa sehemu kubwa refa wa watu hatabasamu kwa dharau. Ni uso wa kijana mwenye hofu anayejitahidi asionekane ana hofu. Lakini aliyetolewa hukumbuka meno tu.

Rudi usome barua yako. Penalti umeipa sentensi moja. Kadi iliyonyanyuliwa mbele ya vijana, mke, mtoto, na neno "tusi" kwenye ripoti, umeyapa nafasi kubwa kuliko penalti yenyewe. Wiki tano zimepita, msimamo wa ligi umeshabadilika mara kadhaa, na kinachokaza tumbo si alama mlizopoteza. Ni kuaibishwa, na ni kutosikilizwa. Haya mawili ndiyo yanayotengeneza kinyongo cha kocha kwa refa, na ninaomba uyashike, kwa sababu mengi nitakayokueleza yanatoka hapo.

Miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, John Thibaut na Laurens Walker, walifanya majaribio kuhusu namna watu wanavyopokea hukumu. Walikuta kwamba mtu aliyepewa nafasi ya kueleza upande wake huiona hukumu kuwa ya haki zaidi, hata pale inapomwangukia. Mabaraza yetu ya wazee yaliendeshwa hivyo siku zote: anayeshtakiwa huachwa aseme, aseme tena, wenzake wakiitikia kwa kichwa, ndipo mbuzi wa faini atajwe. Mtu akishasema akasikika, hata mbuzi humtoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mpira haukuachii nafasi hiyo. Sheria ya 5 ya soka inasema maamuzi ya refa juu ya matukio ya mchezo ni ya mwisho, na mchezo ukishaanzishwa upya hawezi kurudi nyuma kubadilisha. Ana sekunde mbili au tatu. Hana kinywa cha kukueleza wala sikio la kukusikiliza, na hata angetaka, watu 22 wanamsubiri. Kwa hiyo hukumu ya uwanjani huja ikiwa kavu, haina ule mchuzi unaoifanya imezeke.

Halafu kuna kadi yenyewe. Tulipokuwa vijana, kocha alitolewa kwa mdomo. Refa alisogea, akasema "mwalimu, nenda jukwaani", nawe ukaondoka taratibu kana kwamba umekumbuka kitu nyumbani. Kuanzia Juni 2019 bodi ya kimataifa ya sheria za soka, IFAB, iliruhusu makocha na wote wa benchi la ufundi waonyeshwe kadi za njano na nyekundu kama wachezaji. Lengo lilikuwa zuri, watu wote waelewe kilichotokea. Hata kadi za wachezaji zilizaliwa hivyo: refa wa Uingereza, Ken Aston, alizibuni ili pasiwe na utata uwanjani, zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Lakini kwa kocha wa huku kwetu, ambaye mtaani anaitwa "mwalimu" na wazazi wamemkabidhi watoto wao, kadi nyekundu juu ya kichwa cha refa ni kitu kingine. Kijana wa miaka 26 amemfukuza mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Nimewaambia marefa hili mara nyingi na nitaendelea kuwaambia: sheria inakupa haki ya kunyanyua kadi, haikukatazi kumsogelea mzee wa watu, kusimama vizuri, kusema "mwalimu, samahani, hili linanilazimu", ndipo unyanyue. Tendo lile lile, kadi ile ile, lakini kinyongo kinapungua nusu.

Sasa nisikilize na kwa upande wako, kwa sababu sitakuwa nimekusaidia nikikubembeleza tu.

Nataka ufungue madaftari mawili. Daftari la kwanza ni la penalti. La pili ni la kile ulichokifanya baada ya penalti. Makocha wengi waliofungiwa huandika yote kwenye daftari moja, na hesabu haitoki kamwe. Wanasema: alikosea penalti, kwa hiyo hakuwa na haki ya kunitoa. Hapana. Refa anaweza kuwa amekosea penalti, amekosea vibaya, na bado kadi yako ikawa halali. Tena anaweza kukupa kadi halali na papo hapo akaandika ripoti isiyo sahihi. Ni mambo matatu, kila moja lina mlango wake.

La penalti siwezi kulisema, sikuwepo. La kadi naweza, kwa maneno yako mwenyewe: "niliingia uwanjani kumuuliza." Sheria ya 12 imepanga makosa ya benchi kwa ngazi. Ukinung'unika kidogo, au ukitoka nje ya eneo la ufundi mara moja moja bila kosa lingine, ni onyo la mdomo. Ukibisha uamuzi kwa maneno au vitendo, ukipiga teke chupa ya maji, ukimpigia refa makofi ya kejeli, ni njano. Kutoka kwa makusudi nje ya eneo la ufundi kwenda kumlalamikia mwamuzi ni nyekundu, na kuingia uwanjani kumkabili ni nyekundu vilevile, hata wakati wa mapumziko, hata filimbi ya mwisho ikishalia. Eneo lako lenyewe si kubwa: mita 1 kila upande wa viti, na kwa mbele linaishia mita 1 kabla ya mstari. Viwanja vyetu vingi vya mkoa havina hata chokaa ya kulichora, najua, benchi ni fomu iliyoazimwa shuleni. Lakini mstari wa pembeni ulikuwepo, na uliuvuka. Maneno uliyosema baada ya kuuvuka hayabadilishi rangi ya kadi.

Ninakwambia hivi kwa sababu nimeona kinachotokea kocha akilikubali. Kichwa kinapoa. Nusu ya mzigo inashuka, maana hana tena haja ya kuthibitisha kwamba alionewa kwa kila kitu. Anabaki na lile moja alilokosewa, na moja hubebeka.

Twende kwenye ripoti. Wewe unakumbuka "unatuua". Yeye ameandika umemtukana. Mmoja wenu ni mwongo? Si lazima. Novemba 1951, vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mechi ya ule mpira wao wa Kimarekani, ikawa mechi ya vurugu na mifupa kuvunjika. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu ya mechi ile na kuwaambia wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ni moja, macho ni mazima, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mtu aliona mechi ya kwao.

Kisha fikiria sikio. Dakika ya 81, watu wanapiga kelele, wewe unakimbia unahema. "Unatuua" na "unatuuza" zimetenganishwa na herufi moja tu. La kwanza ni kilio. La pili ni kumwambia mtu hadharani kwamba amekula rushwa, na refa yeyote ataliandika kama tusi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema yawezekana yule bwana alirudi nyumbani usiku ule akiwa na hakika kwamba kocha wa Igombe amemwita muuza mechi, na yeye pia tumbo lilimkaza. Umewahi kulifikiria hilo? Mimi sikuwahi kumfikiria refa kama mtu mwenye tumbo mpaka siku moja kwenye kivuko.

Ilikuwa zamani kidogo, kadi za makocha hazijaja. Tulikwenda kucheza Sengerema, tukafungwa bao ambalo mpaka leo naamini mfungaji alikuwa ameotea. Nilimfuata refa mapumziko nikamwekea kidole kifuani. Akanitoa. Kipindi cha pili nilikitazama nikiwa nje ya uzio, nimesimama juu ya tofali. Jioni tukashuka Busisi kuvuka kwenda Kigongo. Siku hizi, tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye kilomita 3 linakuvusha kwa dakika chache na kila mtu kwenye gari lake. Wakati ule mlisubiri wote pamoja, kivuko kije, magari yapange, muingie. Na ndani ya kivuko hakuna pa kujificha. Nikamwona pale kwenye vyuma vya pembeni, peke yake, begi begani, anakula hindi la kuchoma.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama 15. Akaniona, akasogea, akasema, "Shikamoo mwalimu."

Sikuitikia.

Wewe ni mtu wa huku, unajua maana ya kumnyima mtu marahaba. Nikatazama maji. Alisimama pale pale, akimega hindi taratibu, mpaka tulipofika katikati ya ziwa. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Bao lile nilikuwa mbali, mwalimu. Kibendera hakikunyanyuka, na mimi nilikuwa na jua machoni. Huenda uko sahihi. Ila kidole kile ulinichoma nacho kifuani mbele ya mdogo wangu. Alikuja kuniona nachezesha kwa mara ya kwanza."

Yeye ndiye aliyenifungulia madaftari mawili, nami nikiwa mkubwa wake. Nilimwambia marahaba tukiwa tunakaribia kutia nanga, imechelewa lakini nilisema. Baada ya hapo alinichezesha mara nyingi. Alinikosea tena zaidi ya mara moja, nami nilikasirika kama kawaida, ila hasira ile ilikuwa inaisha na mechi. Hatukuwa marafiki. Nilikuwa tu nimeshajua kwamba ana mdogo wake.

Kwa hiyo ukiniuliza makocha wenzako wanaishije na marefa waliowaadhibu, wanaoishi vizuri ni wale waliopata kivuko chao, yaani mahali nje ya uwanja ambapo hakuna kipenga wala benchi, na mmoja akaanza kwa salamu. Huku kwetu jambo hili ni rahisi kuliko nchi kubwa, kwa sababu refa wa mkoa si mtu wa kwenye runinga. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ni askari, ni fundi. Mnapanda daladala moja. Mwanao na wa kwake huenda wote wako UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi.

Wanaoishi vibaya ni wale waliokiacha kinyongo kigeuke kuwa nadharia. Hapa ndipo ninapomwogopa msaidizi wako. Kinyongo husema "aliniumiza". Nadharia husema "ana mpango na sisi". Ukishafika hapo, kila filimbi ni ushahidi. Akikupulizia faulo, ametumwa. Akiwapulizia wapinzani, anajisafisha. Na wachezaji wanakunywa kutoka kwenye kikombe hicho hicho. Nimetazama timu nyingi ambazo kocha amerudi kutoka kifungoni: dakika kumi za kwanza tayari mabeki wanamfokea refa kwa mpira wa kurusha tu, si kwa kosa lolote, kwa sababu wiki nzima mazoezini wamesikia jina lake. Hao ndio wanaopata njano za mapema na kucheza kwa woga baadaye. Halafu kocha anasema, mnaona, nilisema.

Nchi hii tuna mfano mzito wa nadharia iliyosemwa kwa sauti. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, kocha wa Taifa Stars Adel Amrouche alidai hadharani kwamba Morocco ina ushawishi ndani ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, hata kwenye upangaji wa waamuzi. CAF ikamfungia mechi 8 na kumtoza faini ya dola 10,000. TFF, shirikisho letu la soka, nayo ikamsimamisha, na Hemed Suleiman akachukua timu katikati ya mashindano. Tulikuwa tumeshafungwa 3-0 na Morocco, tukaenda sare na Zambia na Kongo, tukarudi nyumbani na alama 2. Labda Amrouche aliamini kila neno alilosema. Lakini hakuweka ushahidi mezani, na walioachwa bila kocha wao ni wachezaji.

Sisemi marefa wote ni malaika. Wapo wanaokosea kwa kuelekea upande mmoja bila hata kujua. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Alan Nevill waliwaonyesha marefa 40 wenye sifa video ya mechi ile ile, baadhi wakisikia kelele za mashabiki, wengine kimya. Waliosikia kelele walipuliza faulo pungufu kwa asilimia 15.5 dhidi ya timu ya nyumbani. Hakuna aliyehongwa, ni masikio tu. Fikiria uwanja wa CCM Kirumba ukijaa, fikiria kijana wa miaka 26 katikati. Wapo pia wenye visasi vya kweli, na wapo wanaopokea bahasha. Ukiwa na ushahidi wa hayo, mtu aliyeona, ujumbe wa simu, namba ya muamala, usilete mdomoni, upeleke kwa maandishi kwa chama chako cha mpira cha wilaya au mkoa, nao wana kamati zao. Ukiwa huna, unachokuwa nacho ni tumbo lililokaza, na tumbo si ushahidi.

Hivyo kuhusu kumkataa: kwa hayo uliyonieleza, usimkatae. Kukupa kadi si sababu ya kutosha. Timu zikianza kukataa marefa waliowapa kadi, mkoa mzima utabaki na marefa wanaoogopa kutoa kadi, na watakaoumia ni hao washambuliaji wako wanaochezewa rafu. Kilichokuuma kwenye ripoti kiandikie barua ya kurasa mbili, ueleze ulichosema na nani alikuwa karibu, uombe iwekwe kwenye kumbukumbu. Muda wa rufaa huenda umeshapita, angalia kanuni za mashindano yenu. Lakini andika hata kama umepita. Hiyo ndiyo nafasi ya kusikilizwa uliyoikosa uwanjani, na utashangaa jinsi mwili unavyolegea mtu akishaandika. Ukimaliza, mpe katibu wa timu aipeleke, wewe usiende nayo mkononi Jumapili.

Jumapili yenyewe nimeifikiria kwa muda mrefu. Fika mapema. Nenda kamsalimie kabla ya ukaguzi wa wachezaji, mbele ya kamisaa, yule msimamizi wa mechi, akiwepo, msiwe wawili faraghani watu wakaanza kuhesabu mifuko. Sema maneno machache: "Refa, siku ile niliingia uwanjani, halikuwa jambo la kufanya. Leo tucheze mpira." Basi. Usiiguse penalti. Ukisema "lakini hata wewe", umeharibu yote, maana umechanganya tena madaftari. Yeye akiligusa, msikilize kisha mshukuru. Akinyamaza, usimdai. Anaweza kuwa hana maneno, au anaogopa kuonekana anakubembeleza.

Unaomba radhi kwa mstari uliouvuka, huombi radhi kwa kuumia. Kuna makocha wanaodhani kumsalimia refa ni kujidhalilisha. Mimi naona kinyume chake. Siku ile vijana wako walimwona mwalimu wao akifukuzwa, na tangu hapo hawajamwona akifanya jambo lolote kuhusu hilo.

Benchini, gawa kazi. Mwamuzi wa akiba kama yupo, mtu mmoja tu azungumze naye, na kwa mechi hii asiwe wewe wala msaidizi wako huyu mwenye nadharia. Mtafute mtulivu, meneja au daktari wa timu. Uwanjani azungumze nahodha peke yake. Waambie vijana mapema kwamba anayebishana na refa anatoka, hata akiwa mfungaji wako bora, na uwe tayari kumtoa kweli. Usidhani makocha hawapendi nidhamu ya namna hii. Uingereza, kuanzia msimu wa 2017/18, walijaribu kwenye ligi 31 za ngazi ya chini kumtoa nje kwa dakika 10 mchezaji anayebishana na refa. Ubishi ukashuka kwa asilimia 38, na asilimia 77 ya makocha wakataka utaratibu uendelee. Ni makocha wale wale wanaofoka kila Jumapili.

Wewe mwenyewe, ukihisi miguu inataka kuuvuka mstari, kaa. Kaa kabisa kwenye fomu, shika kalamu uandike dakika na tukio. Ni vigumu kumfokea mtu ukiwa umekaa na unaandika. Na karatasi hiyo itakufaa, kwa sababu baada ya mechi utakuwa na dakika badala ya hasira.

Filimbi ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote, hasa mkifungwa. Umewasikia hata wakubwa. José Mourinho, akiwa kocha wa Roma, Mei 2023 kule Budapest, baada ya timu yake kupoteza fainali ya Ligi ya Europa kwa Sevilla, alimfuata refa Anthony Taylor mpaka kwenye maegesho ya magari akimporomoshea maneno. Siku iliyofuata mashabiki walimzonga refa yule uwanja wa ndege akiwa na familia yake. Mourinho alifungiwa mechi 4 za Ulaya. Mashabiki wa Igombe ni watu wazuri, lakini wanakutazama wewe kujua wafanye nini na hasira yao.

Na kwa kuwa najua marefa nao wanasoma majibu haya, niwaambie neno. Agosti 2009, dakika za mwisho pale Old Trafford, Arsène Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, alipiga teke chupa ya maji baada ya bao la timu yake kukataliwa. Akatolewa, na kwa kukosa pa kukaa akasimama katikati ya mashabiki wa Manchester amenyoosha mikono kama mtu anayeuliza niende wapi. Baadaye mkuu wa waamuzi wa Uingereza wakati huo, Keith Hackett, aliomba radhi kwa jinsi jambo lile lilivyoshughulikiwa. Sheria ya kumtoa ilikuwepo. Kilichoombewa radhi ni namna. Kwa hiyo wewe utakayechezesha Jumapili, kama unasoma hapa na umejitambua, mwalimu huyu akikusogelea kukusalimia, simama, acha kupanga kadi zako, mpe mkono.

Swali la faini. Kanuni zitakwambia nani anawajibika mbele ya chama, na mara nyingi klabu ndiyo inayodaiwa kwanza. Kati yako na timu, kwa maoni yangu, lipa wewe. Najua Sh200,000 ni fedha, hasa dagaa wakiwa hawapatikani na viongozi wa timu wakiwa ndio hao hao wavuvi. Omba ulipe kwa awamu, vyama vingi husikiliza. Viongozi wakijitolea kukuchangia kwa hiari, pokea. Lakini vijana usiwachangishe hata shilingi mia tano, na kama msaidizi wako alikwishaanza kupitisha daftari la michango, lirudishe leo, kila mtu apewe chake. Risiti omba ya chama yenye mhuri, ihifadhi mpaka msimu uishe. Nimeshaona kocha akidaiwa faini moja mara mbili.